Nyumba ya likizo iko mbali na watu na niko peke yangu: Shangazi anajibu

Mwezi huu barua za safari zimenijaa mezani, na nne kati yake zinazunguka jambo moja, mwanamke yuko nchi ya watu, kakodi nyumba ya mapumziko huko mashambani, na usingizi umegoma. Nimezipunguza urefu maana wengine mnaandika kama mnasimulia tamthilia, ila maneno ni yenu.

Shikamoo shangazi. Nina miaka 31, kazi imenichosha mpaka basi, nimekodi kinyumba mashambani huko Ulaya kupitia Airbnb, ile apu ya kukodi nyumba za watu, wiki nzima, mimi na vitabu vyangu. Baada ya kulipa ndo nikaanza kusoma maoni ya waliowahi kukaa, mmoja kasema jirani wa kwanza yuko kama kilomita mbili, mwingine kasema mtandao wa simu unashika ukisimama getini tu. Tangu hapo nawaza mtu kuniingilia usiku. Dada yangu anasema nimenunua kifo kwa hela yangu, na kama lazima niende basi nimdanganye mwenye nyumba kwamba nakuja na mume. Nikatishe? – Mwenye vitabu

Marahaba mwanangu. Usikatishe. Na dada yako mwambie shangazi kamsikia ila apunguze kidogo.

Kila mtu akiwaza nyumba ya peke yake anawaza mtu kasimama dirishani na kofia. Huyo mtu anaweza kuwepo popote, ata ghorofa ya tano katikati ya jiji. Kinachobadilika mashambani ni umbali. Mjini ukipiga yowe kuna mtu atagonga mlango ata kama ni kwa umbea tu, huko wanaokusikia ni ng'ombe. Kwahiyo mi ningeacha kuhesabu wabaya, ningekaa chini nijiulize hivi, likinipata lolote, iwe mtu, iwe moto, iwe mguu kuteguka, msaada unanifikiaje na utajuaje niko wapi.

Yalinikuta mimi mwenyewe ndo maana naongea. Miaka ya nyuma nilikodi nyumba ya hivo hivo, nchi ya baridi, usiku nikatoka nje kuchukua kuni, kuna ngazi tatu za mawe zimelowa, nikasikia tu kifundo cha mguu kimesema ka. Nikatambaa mpaka mlangoni, nikapiga namba ya dharura, simu ikapokelewa haraka sana, sauti ya mama mpole kabisa, akaniuliza uko wapi. Jamani. Mimi nyumba naijua kwa lile jina la mapambo la kwenye tangazo, ambalo ata watu wa kijiji kile hawalijui. Akaniuliza niko barabara gani, nikamwambia ya changarawe. Akaniuliza kuna nini jirani, nikamwambia kondoo. Nacheka sasa hivi, siku ile nilikuwa nalia. Anwani yenyewe ilikuwa ndani ya apu na apu inataka intaneti na waifai iko chumba cha juu na mimi mguu hauendi.

Kwahiyo kazi ya kwanza, na uifanye ukiwa bado nyumbani, ni kupata karatasi. Karatasi ya kawaida na kalamu. Uandike anwani kamili kama mwenye nyumba alivyokutumia, jina la kijiji cha karibu na jina au namba ya barabara, simu ya mwenye nyumba, namba ya dharura ya nchi hiyo, alafu uandike zile namba mbili ndefu za ramani, latitudo na longitudo. Kuzipata sio kazi, hizi tu ndo utaziongeza ukifika, fungua Google Maps ukandamize kidole pale ulipo mpaka pini itokee, namba zinakuja zenyewe. Hizo namba zinamtoa mtu kwenye mjadala wa kondoo, maana mashambani anwani moja inaweza kubeba eneo kubwa lenye mashamba kibao. Bandika karatasi ukutani karibu na mlango, chini kidogo, usawa wa mtu aliyeketi sakafuni. Ndio, sakafuni, mimi najua nachosema. Alafu piga picha hiyo karatasi ukae nayo kwenye simu.

Ramani ya eneo zima ipakue kabla hujaondoka ili ifanye kazi bila intaneti. Watu wengi hawajui kwamba GPS ya simu haihitaji bando, inapokea mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye satelaiti, kinachohitaji bando ni ile picha ya ramani. Ukiwa na picha tayari, simu itakuonyesha ulipo ata kama hakuna mnara.

Namba yenyewe. Nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112, bure, polisi, gari la wagonjwa na zimamoto wote humo humo. Uingereza ni 999 na 112 pia inakubali, Marekani na Kanada ni 911. Na hapa sikiliza vizuri, ukiona kampuni ya laini yako haishiki pale, bado jaribu, simu ya dharura inaruhusiwa kupita kwenye mnara wa kampuni yoyote iliyopo karibu, ndo maana simu wakati mwingine inaandika kwamba ni simu za dharura tu. Ila laini usiitoe ndani ya simu, kuna nchi hazipokei simu isiyo na laini, Ujerumani kwa mfano wamefunga hivo tangu 2009 kwasababu ya watu kupiga kwa utani. Nchi nyingi za Ulaya ukipiga 112 kwa simu janja, simu inawatumia lokesheni yenyewe, ni msaada mkubwa sana, lakini karatasi yako ibaki pale pale.

Kuna kitu cha Uingereza nakipenda nakitaja kila nikipata nafasi. Ukipiga 999 kwa simu ya mkononi na huwezi kuongea, labda mtu yuko chumba cha pili, wanakwambia ukohoe au uguse simu, ukishindwa ata hivo unasikia sauti inakuambia ubonyeze 55, ukibonyeza wanakuunganisha na polisi. Ukinyamaza bila kubonyeza wanaweza kukata. Wengi wanadhani ukibonyeza 55 polisi wanakuona ulipo, hapana, haiwaonyeshi ulipo, bado itabidi wakuulize maswali ya ndio na hapana. Tumerudi kwenye lokesheni, umeona.

Sasa hilo geti lako. Ukifika tu, mchana, kabla hujafungua begi, zunguka na simu mkononi uone inashika wapi. Mara nyingi kuna dirisha moja la juu linashika, ukilijua hutakimbia getini na nguo za kulala. Kama nyumba ina waifai, ingia kwenye mipangilio ya simu uwashe kupiga simu kupitia waifai, kampuni nyingi za simu zinaruhusu ila hakikisha na yako kabla ya safari. Ubaya wake ni kwamba umeme ukikatika ruta inazima na waifai inaondoka nayo, na umeme wa mashambani upepo ukivuma kidogo tu umeshaenda. Kwahiyo pawabenki ijae na tochi iwe ya kweli, sio ya kwenye simu, chaji ya simu ni ya kuongea. Kama una iPhone 14 au ya baadae ina uwezo wa kutuma ujumbe wa dharura kwa satelaiti, ila sio nchi zote na lazima uwe nje penye anga wazi, soma kwanza kama nchi unayokwenda imo.

Safari ya kufika, ipange ufike jua bado lipo. Kilomita za mwisho ndo zinapoteza watu, hazina taa, hazina vibao, na dereva wa teksi akishageuza hakuna mwingine atakayepita. Kama hutakodi gari, kabla ya teksi hiyo ya kwanza haijaondoka chukua namba ya dereva na umuulize kama anafanya kazi usiku, wengi vijijini hawafanyi, ujue mapema.

La mume wa bandia. Kumwambia dereva au mtu wa njiani kwamba kuna mtu anakusubiri, sawa, ongopa vizuri tu, hakuna dhambi hapo. Lakini kwenye fomu ya kukodi usiandike wageni wawili wakati upo mmoja, siku nyumba ikishika moto watu wa zimamoto wataingia kumtafuta mume ambaye hayupo. Hilo dada yako hakulifikiria.

Na picha za kinyumba ziweke mtandaoni ukishatoka. Ukiziweka ukiwa bado ndani, na mlango unaonekana, na jina la kijiji umeandika, umewatangazia watu wote kwamba upo hapo peke yako.

Shangazi hujambo. Mwenzio nipo kwenye nyumba yenyewe nikiandika hivi, siku ya tatu. Mwenye nyumba ni mzee anaishi shamba la jirani. Jana natoka bafuni na taulo namkuta jikoni, kasimama, anasema kaja kuangalia boila, ule mtambo wa kuchemsha maji, alikuwa na ufunguo wake. Kaomba radhi na kaondoka. Sijui nikasirike au ndo kawaida ya watu wa huku. Mlango wa mbele una kile kisanduku cha ufunguo cha kufungua kwa namba. Na sasa nimeanza kuwaza mpaka kamera. – Mwenye taulo

Sijambo mdogo wangu, pole. Hapana sio kawaida, sio huku wala kule. Boila kuwa jikoni ni sawa, yeye kuwa jikoni wakati umelipia nyumba ni jambo lingine. Inawezekana kweli ni mzee wa watu ambaye kazoea nyumba yake na hajui kugonga, mimi simhukumu, ila wewe huna kazi ya kujua nia yake, kazi yako ni kumwekea mpaka. Leo hii, kabla hujalala, mwandikie ndani ya apu mliyokodia, sio kwa kuongea getini wala sms ya pembeni, uandike hivi: "Jana uliingia ndani bila taarifa na mimi nipo. Ukihitaji kuja tena niandikie kwanza na usubiri nikujibu." Basi. Usiweke samahani, usiweke tabasamu. Ujumbe ukiwa ndani ya apu una tarehe na saa, na siku ukihitaji kusaidiwa au kurudishiwa hela ndo wanausoma huo.

Akirudia mara ya pili bila taarifa, hapo hakuna majadiliano tena, unapiga simu kwa waliokukodisha, Airbnb wana laini ya usalama masaa 24 ndani ya apu, unawaambia unataka kuhama, na unahama ata kabla hawajamaliza kufikiri. Hela inatafutwa baadae. Nimeona wanawake wanavumilia siku nne nzima kwa kuogopa kuonekana wakorofi mbele ya mtu ambaye hawatamuona tena maisha yao yote.

Mlango. Ule unaofungukia ndani unakubali kabari, ile ya mbao au mpira unaisukuma chini ya mlango, ni kitu kidogo kinakaa kwenye soksi ukisafiri na zipo zenye alamu kabisa, mlango ukisukumwa inapiga kelele. Kwa mlango unaofungukia nje kabari ni pambo tu, usijidanganye. Ufunguo wako kuna vitasa ukiuacha kwa ndani wa nje hauingii, jaribu chako, mwambie ukweli tu mzee asimame nje na wake mjaribu pamoja ikiwa mmeelewana, kama hamjaelewana tumia kabari. Usiku ukishafunga, ufunguo ukae sehemu moja karibu na mlango ambayo mkono unaifikia gizani, maana mlango unaomzuia mtu kuingia unaweza kukuzuia wewe kutoka, na kabari ujue kuipiga teke. Nyumba za zamani za mashambani madirisha madogo, mengine yamepakwa rangi yakagandana, fungua la chumba unacholala uone kama linafunguka kweli.

Kile kisanduku, muombe abadilishe namba. Wengine namba ni ile ile tangu nyumba ianze kukodishwa, na wageni wote waliotangulia wanayo, na fundi, na msafishaji. Ukikuta vitufe vinne vimechakaa na vingine vipya, unajua mwenyewe.

Kamera. Airbnb walipiga marufuku kamera ndani ya nyumba dunia nzima kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hapo kabla walikuwa wanaruhusu sebuleni na kwenye korido ilimradi itajwe. Za nje zinaruhusiwa lakini lazima zitajwe kabla hujalipa na zisiangalie ndani. Kampuni nyingine zina sheria zao, soma tangazo. Kukagua mwenyewe zima taa zote, pitisha tochi taratibu kwenye saa ya mezani, kinasa moshi, kile kidude cha darini kinacholia kukiwa na moshi, chaja zilizochomekwa bila kazi na chochote kinachotazama kitanda au bafu, lenzi inang'aa kama jicho la paka. Kamera zinazoona gizani zinatumia mwanga ambao jicho halioni, ila ukiwasha kamera ya mbele ya simu wakati mwingine unaona kinukta cheupe au cha zambarau. Haikamati zote. Ukikuta kitu usikivunje, piga picha, toka, piga simu ukiwa nje.

Shangazi swali fupi. Tupo wadada watatu, nyumba ina jiko la chuma la kuni la kuota moto na baridi ni kali tumefunga kila kitu. Siku ya pili leo wote tunaamka kichwa kinauma na kichefuchefu, tukienda matembezi tunapona, tukirudi kinaanza. Mwenzetu anasema ni hali ya hewa. – Wadada watatu

Hii barua nilimjibu aliyeiandika siku ile ile kwa simu, naichapa kwa ajili ya wengine.

Tokeni nje sasa hivi. Wote watatu, na viatu mtavalia nje. Watu kadhaa kuumwa kichwa kwa pamoja ndani na kupona nje ni dalili ya kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, inayotoka kwenye kuni, mkaa, gesi au mafuta yakiungua bila hewa ya kutosha au bomba la moshi likiwa limeziba. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ndo maana mtu anachoka, anasema ngoja nilale kidogo, na hapo ndo inapomaliza watu. Mkiwa nje pigeni namba ya dharura, mseme mnahisi gesi hiyo, mseme mpo wangapi na nani kichwa kimezidi, msirudi ndani kuchukua begi wala kuzima jiko mpaka watu wa zimamoto waseme.

Kilionekana nini? Kiota cha ndege kwenye bomba la moshi. Wako salama, mmoja alilazwa usiku mmoja kwenye oksijeni.

Kwa mnaojiandaa na safari, kuna kialamu cha gesi hiyo cha betri, kidogo kama kopo la mafuta ya kujipaka, nunua chako ubebe. Kile kinasa moshi cha darini hakikusaidii, moshi na gesi hii ni vitu viwili, usione kidude kinawaka taa nyekundu ukadhani umekingwa. Bonyeza kitufe cha kujaribu siku ya kwanza, nyumba za likizo zinashinda tupu miezi na betri zimekufa zamani. Na jiko la mkaa la kuchomea nje lisiingizwe ndani kupasha chumba moto, ata likiwa limebaki makaa tu, yale makaa yaliyotulia bado yanatoa.

Nikiulizwa kati ya mtu wa dirishani na hii gesi nani ananinyima usingizi, mimi ni gesi.

Shangazi, binti yangu ana miaka 24 anakwenda peke yake nyumba ya mashambani nchi ambayo mimi sijawahi kuikanyaga. Presha ipo juu. Jana nilimpigia mara kumi na mbili hakupokea, nikaanza kutafuta ubalozi, kumbe alikuwa amelala. Nifanyeje nisimkere na nisife? – Mama wa mmoja

Mama mwenzangu, mara kumi na mbili unamalizia mtoto chaji. Na ukipiga hivo kila siku, siku ya shida ya kweli simu yako itaonekana ni ile ya kawaida.

Pangeni saa. Moja asubuhi na moja jioni, kwa saa za kule, mziandike na saa za kwako pembeni maana hapo ndo watu wanachanganyana wanaanza kulia bure. Yeye anatuma neno moja tu, sms ya kawaida, sms inapita kwenye mtandao mbovu ambao simu ya sauti haipiti. Mkubaliane pia ikipita saa bila neno mnafanyaje, kwa mfano baada ya saa moja unamtumia ujumbe, baada ya masaa mawili unampigia mwenye nyumba, baada ya matatu unapiga polisi wa eneo lile. Masaa yenyewe mtayachagua nyinyi, cha muhimu yeye ajue unafanya nini na wewe ujue usifanye nini kabla ya muda. Polisi wa kule uwe na namba yao kamili, yenye namba ya nchi mwanzoni, kwasababu 112 ukiipiga ukiwa kwako inaita kwako, haiendi kwake. Hili wazazi wengi linawapita.

Akutumie skrinshoti ya kukodi yote, ile yenye anwani na simu ya mwenye nyumba, na picha ya karatasi niliyoisema juu kule. Namba ya bima yake ya safari na ukurasa wa pasipoti uwe navyo pia. Alafu mchague neno, la kawaida tu, ambalo akiliandika au akilitamka wewe unajua hayuko sawa na hawezi kuongea. Lisiwe neno ambalo anaweza kulisema kwa bahati mbaya. Kuna mama mmoja na bintiye walichagua "mvua", nchi yenyewe inanyesha kila siku, yule mama aliamsha ukoo mzima siku ya kwanza.

Na usiku wakati yeye amelala, simu yako wewe iwe na chaji na iwe na sauti. Usiiache jikoni.